Sapu ya Mama

Mwaka mama aliporudi chuo, sebule yetu ya Rhotia iligeuka wodi, na baba, mkulima wa mahindi na ngwara, zile kunde za kwetu, ambaye hajalazwa hospitali hata siku moja maishani, akawa mgonjwa wa kila jioni. Alijinyoosha kwenye kochi refu na gambuti zake miguuni, akakunja uso kwa maumivu aliyoyabuni mwenyewe, na ugonjwa wake wa leo ulikuwa mzito kuliko wa jana.

"Habari za jioni," mama alianza.

"Mbaya. Nakufa."

"Mzee, jibu vizuri bwana."

"Mgonjwa ni mimi au ni wewe?"

Mimi nilikuwa mtahini. Nilikaa kwenye kigoda, miguu karibu na jiko la mkaa kwa sababu ya baridi, nikimsikiliza mama anavyosema kila anachokifanya.

Mama ni muuguzi. Alisomea stashahada kabla sijazaliwa, na karibu maisha yake yote ya kazi ameyapitisha katika kituo kimoja cha afya, hapa hapa kwetu. Shahada aliyoianza ilikuwa ya watumishi wa afya walio kazini: siku za wiki yuko kituoni, wikiendi moja moja anashuka Arusha darasani. Ilikuja na kijitabu cha kanuni, kwa Kiingereza kigumu. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na kujifungia chumbani naandika riwaya, kwa hiyo nilipewa cheo cha mfasiri. Neno "lazima" lilikuwa limetapakaa kurasa zote kama mawe kwenye shamba la mlimani. Ukiliondoa moja, jembe linagonga lingine.

Mitihani ya kuandika mama aliifaulu yote. Kilichomwangusha kilikuwa mtihani wa vitendo, tena kusafisha kidonda, kazi ambayo anaifanya huku akiwaza mboga ya jioni. Kule chuoni alikuta sanamu ya plastiki imelazwa kitandani na watahini wameketi pembeni. Akanawa, akavaa glavu, akasafisha, akafunga bandeji safi iliyonyooka, akarudi nyuma hatua moja. Hakufungua mdomo tangu mwanzo hadi mwisho. Na kanuni ilisema wazi: hatua ambayo mtahiniwa hakuitamka mbele ya mgonjwa inahesabiwa haikufanyika. Hakuisalimu sanamu, hakujitambulisha, hakuiomba ridhaa. Akapewa sapu, mtihani wa kurudia, ambao ni mara moja tu. Akianguka tena, anaondolewa masomoni na shahada inaishia hapo.

"Nijitambulishe kwa plastiki?" alituuliza siku ile aliporudi, bado ana vumbi la barabarani. "Na hata kwa watu, nijitambulishe kwa nani, Rhotia hii?"

Alikuwa na hoja. Kwetu salamu ni ndefu. Utaulizwa mvua, utaulizwa ng'ombe, utaulizwa mtoto aliyeko Dodoma kama bado anakohoa. Lakini jina lako hulitaji. Kumtajia jirani jina lako ni kama kumwambia hamjuani, na hilo ni tusi dogo, linaweza kujadiliwa mpaka kanisani.

Basi tukafanya mazoezi. Mama alitaja jina lake na cheo chake kwa sauti ya mtoto anayekariri mbele ya darasa, kisha akamgeukia baba: "Na wewe mwenzangu, unaitwa nani?"

Baba akaketi. "Ndoa ya kanisani, watoto wanne, leo unaniuliza jina!"

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikamwambia kwa ukali wa kitahini kwamba amepoteza alama. Tulirudia tena na tena, hadi swali la mwisho ambalo kanuni ililidai, "Una swali lolote?", na kila jioni baba alilijibu vilevile: "Ninalo. Tunakula saa ngapi?"

Kanuni hizo hizo zilikuwa na huruma mahali pamoja. Kwa kuwa wanafunzi walikuwa watumishi, sapu ya vitendo iliweza kufanyikia kituoni kwao, kwa mgonjwa halisi, mtahini akiwa amesimama kando. Akatumwa mwalimu mmoja kijana, dada mwenye koti jembamba lisilojua Julai yetu. Alifika asubuhi ukungu ukiwa bado umefunika barabara, magari ya watalii yanapanda kuelekea Ngorongoro na taa zimewashwa.

Nilikuwa nimepeleka chupa ya chai, nikabaki kwenye benchi pamoja na wagonjwa. Chumba cha kufungia vidonda kina pazia badala ya mlango, na mama alikuwa ameamua kuongea kwa sauti. Benchi zima likawa ndani ya mtihani.

Mgonjwa alikuwa bibi jirani yetu, mwenye kidonda mguuni tangu wakati wa mavuno. Mama alikuwa amekisafisha mara nyingi na hakikuwa kinataka kupona. Bibi aliulizwa kama anakubali mgeni atazame, akakubali.

"Habari za asubuhi, bibi."

"Nzuri, binti yangu. Huko juu kwenu mvua iligusa?"

"Iligusa kidogo."

Ikawa zamu ya jina. Ndipo mama akataja majina yake yote matatu, akaongeza kwamba yeye ni muuguzi wa kituo hiki.

"Sista," bibi alisema kwa upole mkubwa, "jana ulilala vizuri?"

Mama mmoja kutoka mashamba ya kahawa, aliyekaa karibu nami, alijifunika mdomo kwa khanga.

"Nililala vizuri, bibi. Na wewe unaitwa nani?"

"Weee! Si mimi niliyekubeba siku ulipobatizwa?"

Nikajua hapo ndipo mama atacheka, na akishacheka atarudi kwenye ukimya wake. Lakini alisema, "Ni wewe. Ila leo nataka nisikie kwako."

Bibi akataja jina lake. Alilitaja polepole, akaanza na lile la usichana, ambalo sikuwahi kulisikia, na sauti yake ikawa nyepesi ghafla, kama ya mtu aliyefunguliwa dirisha.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kama ibada. "Sasa nanawa mikono," mama alisema. "Nawa, mama, nawa," bibi akaitikia. "Sasa nafungua bandeji ya zamani." "Fungua." "Naangalia kama kuna usaha." "Angalia." Benchi likawa linatikisa vichwa pamoja nao.

"Una swali lolote, bibi?"

Safari hii hakuna aliyetaja chakula.

"Ninalo," alisema hatimaye. "Hii bandeji ni lazima ikae mpaka siku ya kurudi? Maana mimi jioni huwa naitoa. Nikikamua inalowa maziwa. Naifua, naianika, siku ya kuja kwako naifunga tena, nisikuaibishe."

"Bibi! Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Nami naona watu wamejaa, nitakuchelewesha vipi?"

Nikasikia kiti kikivutwa. Mama alikuwa ameketi.

"Bandeji isitoke," alisema. "Kukamua uache mpaka mguu upone."

"Na ng'ombe akamuliwe na nani?"

"Mume wangu."

"Anaweza?"

"Atajifunza."

Benchi liliangua kicheko, na nina hakika nilisikia cha mtahini pia. Alipotoka hakusema neno kuhusu alama, kwani kanuni zinamkataza. Alichukua kikombe cha chai kwa mikono miwili na kukinywa chote akiwa amesimama.

Matokeo yalikuja kwenye simu ya mama wiki ambayo kingo za kile kidonda zilikuwa zimeanza kukauka. Tulikuwa uani. Alisoma, akasoma tena, akaketi juu ya gunia la ngwara.

"Nimefaulu. C."

"C?" Baba alishika kiuno. "Nakamua ng'ombe wa watu kila jioni, ananipiga mateke, kwa C?"

"Ndiyo kanuni, mzee. Sapu hata upate mia, unaandikiwa C."

"Basi kanuni hiyo ni mbaya. Tukate rufaa."

"Hakuna rufaa," mama alisema huku machozi na kicheko vikimtoka pamoja. "Kuna mwaka wa pili."

Baba alifikiri kidogo. Kisha akachukua ndoo, maana jua lilikuwa limeshaegemea, akateremka kwa bibi. Tukamsikia njiani akimsimamisha mwendesha bodaboda kumwambia kwamba mke wake amefaulu, na alipoulizwa kwa alama gani, alijibu kwa sauti ya kusikika kijiji kizima, "Ya juu kabisa wanayoruhusiwa kutoa!"