Niligeuza Kibao cha Njia Msituni, Mama wa Kambo Akabeba Lawama

Admin, jina langu libaki kwako tu, nakuomba. Nina miaka thelathini na tisa, naishi Ruiru na mume wangu, watoto wetu wawili na baba yangu ambaye sasa ni mzee. Hii kitu hata mume wangu hajui.

Mama mzazi alifariki nikiwa na miaka minane, tukiishi Makongeni, Thika. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Baba alikuwa fundi wa mashine kiwandani. Baada ya miaka miwili akaleta mke mwingine. Tumwite Mama Nyambura, kwa sababu alikuja na binti yake wa miaka sita, Nyambura. Sitadanganya, huyo mama hakunitesa hata siku moja. Alinisuka nywele kila Jumamosi na kuniwekea chakula kwanza. Kosa lake lilikuwa moja. Alichukua sweta nyekundu ya marehemu mama yangu, iliyokuwa imetoboka mikono, akaifumua, akamfumia Nyambura sweta na mimi akanifumia kofia. Nilipoona Nyambura amevaa zile nyuzi huku akimwita baba yangu "dadi", nilimchukia vile sijawahi kuchukia mtu tena.

Mwaka huo kanisa letu lilipanga siku ya familia kule juu, pale mashamba ya chai yanaisha na msitu wa Nyandarua unaanza, tukaenda sote wanne. Kulikuwa na njia ya kutembea iliyotengenezewa watoto. Kila mahali palikuwa na mnyama wa kuchongwa amefichwa kwa miti, sungura, fisi, ndovu, na kibao chenye hadithi yake fupi. Mtoto akimpata mnyama anapigiwa muhuri kwa kadi. Kwa kila njia panda kulikuwa na mshale wa mbao uliogongwa msumari mmoja. Kiongozi alituambia, "Fuateni mishale tu. Hizo njia zingine ni za wapasuaji mbao, zinateremka kwa korongo."

Mimi na Nyambura tulitangulia. Tulipofika kwa fisi, niliona ule mshale unazunguka ukiusukuma. Niliugeuza, nikamwambia, "Sungura yuko huko chini. Kimbia, nakuja." Alikimbia akicheka. Nikarudisha mshale vile ulikuwa, nikaendelea na njia yangu.

Mama Nyambura aliponifikia aliuliza, "Mwenzako ako wapi?"

"Si alirudi kwako? Alisema anaenda kukushika mkono."

Aligeuka akaangalia njia aliyotoka. "Ngai, Mungu wangu, alikuja kweli? Niliinama kufunga kiatu… labda alinishika nikamwachilia." Nilimwona akianza kuamini kitu ambacho hakikufanyika, na nikanyamaza.

Mvua ilinyesha na ukungu ukashuka. Watu walitafuta mpaka giza, wakiita jina lake kila upande isipokuwa kule chini, kwa sababu nilikuwa nimesema alirudi nyuma. Walimpata kesho yake asubuhi kwa korongo, mguu umevunjika mahali pawili, hawezi kulia kwa sababu ya baridi. Aliishi, lakini mguu ulishikana vibaya na mpaka leo anachechemea. Kichwa pia kiligonga jiwe, kwa hivyo siku hiyo hakumbuki chochote.

Tata zangu, dada za baba, walikuja nyumbani wakaketi sebuleni wakamwambia Mama Nyambura mbele yangu, "Umeshindwa kuchunga wa tumbo lako. Huyu wa wenyewe si utamuua?" Baba hakumtetea. Kabla mwezi kuisha aliwafukuza, mama na mtoto wa plasta mguuni. Akitoka na mifuko yake, yule mama alinikumbatia akaniambia, "Nisamehe, nimekuharibia nyumba." Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilifurahi. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi, kwamba nilifurahi.

Mwaka jana nilipeleka yunifomu ya mtoto kurekebishwa kwa fundi mmoja wa nguo huko Mwiki. Alipoinuka kuchukua futi ya kupimia nikaona vile anatembea. Alikuwa Nyambura. Alinitambua kwanza yeye, akalia kwa furaha, akaniita dada. Tangu hapo tunatembeleana. Mama yake ni mgonjwa sana, na daktari amesema waende naye nyumbani. Nyambura aliniambia, "Kila asubuhi ananishika huu mguu ananiomba msamaha. Nimemwambia nilimsamehe kitambo, hasikii."

Nilishindwa kubeba. Nikamwendea baba nikamwambia kila kitu nikilia. Hakushtuka. Alizima redio, akasema, "Nilikuwa nyuma yenu. Nilikuona ukirudisha ule mshale. Jioni walipoanza kutafuta ndio nikaelewa."

"Na ukanyamaza usiku mzima, baba? Na ile mvua?"

"Ningesema ungeitwa muuaji Thika yote. Asubuhi si niliwapeleka kule chini? Na yule mama nilikuwa nimemchoka, ukweli ndio huo." Kisha akaniangalia. "Ukifungua mdomo, hesabu huna baba."

Mimi ndiye humpikia. Tangu siku hiyo naweka sahani mezani naondoka, siwezi kumtazama akila.

Jana Nyambura alinipigia simu. Mama yake anataka niende Jumapili. Hawezi tena kukaa bila kushikwa, lakini amewaambia wamshushe kitandani apige magoti, aniombe mimi msamaha kabla hajaenda, kwa sababu nusura anipotezee dada.

Nikisema, namwondolea huyo mama mzigo, lakini anakufa akijua mtoto aliyemsuka nywele ndiye alimfanyia hivi, na Nyambura ananipoteza. Nikinyamaza, nitasimama pale nimwangalie akipiga magoti mbele yangu.

Nitukaneni, nastahili. Lakini baada ya kunitukana mniambie, Jumapili nikifika kwa huo mlango, niseme nini?