Meza ya Baba Mkwe

Jamani, aibu hii nawasimulia ninyi tu, na mkicheka chekeni taratibu maana mke wangu yupo jikoni. Siku hiyo wazee wangu walinipeleka Kasoli kumposa Milembe, mimi mwalimu wa sekondari pale Bariadi, shati limenyooka, tukakaribishwa ndani kwenye meza mpya ya mninga ambayo baba mkwe aliichongesha baada ya kuuza pamba. Nikamwamkia, "Mwadila, baba," naye akaipigapiga meza kwanza ndipo akaitikia. Ningeisifu tu yangeisha (tena mposaji hutakiwa kukaa kimya), lakini mdomo wangu huu!

"Baba, neno meza si letu, tulilipata kwa Wareno, nao wamelirithi kwa Warumi waliosema mensa, na Wahispania mpaka leo wanasema mesa."

Nilidhani nang'ara. Mzee akanitazama.

"Kwa hiyo nawalisha wageni wangu juu ya kitu cha watu?"

"Hapana baba, ni neno tu..."

"Itoke! Tutakula chini kama baba zetu."

Wazee wakatoka kutandika mikeka nje, nami kwa kiherehere nikabaki ndani kuisukuma meza, shemeji yangu, ndugu yake Milembe, akiivuta kutoka nje, ikafika mlangoni ikakwama, mbele haiendi, nyuma hairudi (kumbe fundi aliipigilia miguu humohumo ndani). Dirisha lina nondo. Hapo ndipo mama mkwe akatokea chumba cha pili na sufuria la kuku, na kwetu Wasukuma mkwe na mama mkwe kukutana hivyo chumba kimoja ni mwiko. Akageukia ukuta wake, nikageukia wangu, jasho linanitiririka, nikajua Milembe ndiyo basi tena.

"Ee ukuta," mama akasema, "mwambie huyo mwalimu asukume, kuku anapoa."

Nikasukuma kwa bega, nikasukuma kwa mgongo, wapi! Ikabidi shemeji aikate miguu kwa msumeno, na kila mguu ukidondoka namsikia mzee huko nje, "Mninga wangu!"

Milembe nilipewa, nadhani kwa huruma. Meza bado ipo, imebaki na vijiguu vya shubiri moja, wanakula juu yake wakiwa wamekaa mkekani, nami nimeapa kwamba ukweni kazi yangu ni kula na kushukuru.

Juzi tulikuwa huko, tunanawa mikono, baba mkwe akanitupia jicho la pembeni.

"Mwalimu, na hii sabuni nayo ilitoka wapi?"

Jibu ninalo, tena linapita kwa Waarabu mpaka kwa Warumi walewale. Milembe akanikanyaga mguu, nami nikajibu:

"Dukani, baba."