Fundi alitaka kufuta video za marehemu mke wangu, kumbe laptop ilikosa hewa

Wakuu, habari za leo. Mie humu huwa nasoma tu, siandiki. Leo nimeshindwa kunyamaza. Nasema kweli tupu, hata pale nitakapoonekana mjinga.

Niko Chamazi. Mke wangu, Mama Neema, alifariki mwaka jana. Laptop ilikuwa yake, ya oda zake za keki. Ndani kuna video za send-off ya Neema, binti yetu, ile sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa. Hakuna mahali pengine palipobaki sauti ya mke wangu.

Laptop ikaanza kuchemka na kujizima. Nikihamishia video kwenye flash, inazima kabla haijamaliza.

Nikaipeleka kwa fundi. Hata kuigeuza aangalie chini hakuigeuza.

"Mzee, window imechoka hii. Tunafuta kila kitu, tunapiga mpya."

Nikamwambia kuna video za marehemu.

"Sasa marehemu ataziangalia? Anza upya, mzee wangu."

Mwenzake akadakia, "Mwache, laptop nayo inamfuata mama." Wakacheka.

Nilibeba mashine yangu nikaondoka bila kuaga. Nikikumbuka kile kicheko, damu inachemka kuliko hiyo laptop.

Jirani akanishauri cooling pad, kile kibao chenye feni kinachokaa chini ya laptop na kuchomekwa USB. Nikanunua. Feni zikazunguka vizuri tu.

Laptop ikazima tena!

Nikawa najiandaa kwenda kumwakia muuzaji. Bahati Neema alikuja kunisalimia. Akatazama mezani.

"Baba, hiyo feni inampulizia nani?"

Wakuu, nilikuwa nimetandika kitambaa juu ya feni, ndipo nikaweka laptop. Kitambaa cha kufuma, alichofuma mama yake. Nyumba hii redio ina kitambaa, friji ina kitambaa, na laptop hivyo hivyo tangu siku ya kwanza. Na tangu alipofariki, kukitoa ndiyo kabisa nisingeweza.

Nikakitoa mwenyewe, nikakikunja. Neema akapitisha brashi kwenye matundu ya hewa chini ya laptop, vumbi likatoka kama unga.

Tukawasha. Chini pakawa vuguvugu tu. Video zikahama zote, kwenye flash yangu na ya Neema.

Tukafungua moja. Mama Neema huyo, "Baba Neema, kaa chini basi, unawaziba watu!"

Tukacheka wote wawili. Halafu Neema akairudisha mwanzo.

Kosa la kitambaa ni langu, silikatai. Lakini ningemsikiliza yule fundi, leo ningekuwa na laptop mpya kabisa ndani, bila mke wangu, na bado ingechemka.

Kama yako inachemka, igeuze kwanza uone inapumulia wapi. Feni haisaidii kama njia imezibwa. Na vya muhimu viwe na nakala.

Mafundi mliomo humu, nijibuni bila kuoneana haya: kwa nini kufuta ndiyo jibu lenu la kwanza?