Rangi ya Mbuzi wa Emali

Wiki jana nilimsindikiza dada yangu kliniki ya saratani. Kando yetu alikuwa mzee mmoja, mnunuzi wa mbuzi soko la Emali. Ana saratani ya damu, na hiyo ilikuwa dripu yake ya kwanza.

Ghafla akaanza kutetemeka hadi meno yakagongana. Muuguzi akafunga dripu, akamchoma sindano, akangoja atulie. Alipotaka kuifungua tena, mke wa mzee akaushika mrija.

"Sista, wacha. Hii dawa itamuua."

Muuguzi hakuuvuta mrija. Alimgeukia mgonjwa. "Mzee, sokoni ukishanunua mbuzi, unafanya nini?"

"Nampaka rangi mgongoni."

"Ya nini?"

"Vijana wa kupakia wajue ni yupi wa kutia kwa lori."

"Basi dawa hii ni kama hiyo rangi. Inajishika kwenye seli za saratani. Damu yako ina askari wake, lakini walikuwa wanazipita tu. Wakiona rangi wanaamka, wanaziua. Fujo ya kuanza ndiyo imekutetemesha. Sasa nitaifungua polepole, na sitaondoka hapa."

Mkono wa mke haukusogea. Mzee akaanza kuvibandua vidole vya mkewe kimoja kimoja.

"Fungua, sista. Lakini polepole kweli. Hao vijana wangu wa ndani wamezeeka."