Msikilizaji wa Emi

Harufu ya dawa ya kuchua, ile kali ya mnanaa inayowasha macho, hainipiti bila kunirudisha kwenye ngazi za jengo letu la Mawaleh, Maskati. Watu wengi wakiinusa hukumbuka mafua, au magoti ya wazee wao. Mimi namkumbuka mtoto wa kike wa miaka kumi na miwili, amejipaka pande zote mbili za kipaji cha uso ili usingizi wa mchana usimshinde, ameshika rundo la vikaratasi, anapanda kuja kugonga mlango wetu. Tulikaa ghorofa ya tatu, si mbali na soko kuu la matunda na mboga, na upepo ulipogeuka wakati wa joto tuliletewa harufu ya vitunguu, matikiti yaliyopasuka na majani ya kotmiri yaliyolala juani. Zote hizo zilikutana ngazini na udi wa bibi yangu na tangawizi iliyokuwa ikikaangwa ghorofa ya pili, kwa kina Emi. Mama alilalamika kila siku kwamba nguo zake zinanuka soko. Mimi sikujali, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na nilijiona mtu mkubwa kuliko wote katika jengo lile.

Kilichonipa kichwa kikubwa hivyo kilikuwa Kiingereza. Sisi ni watu wa Unguja. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, tukichanganya na Kiarabu kila tulipotaka, lakini Kiingereza nilikiokota mwenyewe kwenye katuni za televisheni na nikawa nakibwabwaja kutwa. Baba akipata wageni aliniita sebuleni nikawasalimie kwa Kiingereza, wakanisifu, nikatoka nikiwa nimevimba. Shuleni, skuli ya binafsi ambayo masomo yake mengi yalifundishwa kwa Kiingereza, nilikuwa mwepesi wa kunyoosha mkono hata kama sikusikia swali. Basi katikati ya mwaka akaletwa darasani kwetu Emi, binti wa Kichina, ambaye baba yake alikuwa amefungua duka la taa na swichi. Alikuwa mrefu kuliko sisi sote, kwa sababu alitupita miaka miwili. Hesabu alizijua za darasa la nane, lakini Kiingereza hakukijua, ndiyo wakamteremsha kwetu. Akaketishwa karibu yangu, na ikatokea kwamba anakaa jengo moja nasi.

Mwisho wa mwaka kulikuwa na mtihani wa Kiingereza, maneno na ufahamu. Tulipewa kitabu chembamba cha hadithi na orodha ya maneno mia mbili pamoja na maana zake. Kwetu sisi wengine ulikuwa mtihani kama mitihani mingine. Emi akifaulu angerukishwa madarasa mawili, akakae na watoto wa umri wake. Akishindwa, baba yake alikuwa ameshaamua kwamba hapotezi mwaka mwingine: atamrudisha China akalelewe na bibi yake, wao wazazi wabaki Maskati na duka. Hayo hakunieleza kwa maneno, maana maneno hakuwa nayo. Alichukua kikaratasi akachora ndege yenye kichwa kimoja tu dirishani, na chini uwanjani akachora mwanamke ameinua mkono. Akauelekeza ule mkono kwa ncha ya kalamu, akasema, kwa Kiingereza, neno la mama. Nilielewa vizuri sana, na ninaandika hivi ili nisije nikajidanganya kwamba nilikuwa mdogo mno wa kuelewa.

Akaanza kuja kwetu kila siku baada ya sala ya alasiri. Kila neno la orodha alikuwa ameliandika kwenye kikaratasi kigumu alichokata kutoka maboksi ya taa: upande mmoja Kiingereza, upande wa pili herufi zake za Kichina, ndogo na safi. Mimi nilidhani tutakaa tuzungumze, maana ndivyo nilivyokijua Kiingereza, kwa kuzungumza. Emi hakutaka mazungumzo. Alinipa orodha nishike, akapanda nami juu ya dari penye matangi ya maji na kamba za nguo, akaanza kutembea kwenda na kurudi huku akisema kwa sauti kila neno na maana yake kama ilivyochapwa, mpaka nukta. Alipomaliza orodha alianza kitabu cha hadithi, ukurasa kwa ukurasa. Nilimcheka. Nilimwambia bibi kuwa yule mtoto kasuku mtupu, anasema vitu ambavyo mwenyewe havijui.

Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa darini anaanua nguo. Akasimama na shuka mkononi akamsikiliza Emi, lugha asiyoijua hata neno, na uso wake ukafurahi. "Huyu anahifadhi," akaniambia. "Usimcheke. Na sisi chuoni, tukihifadhi Kurani, tulikuwa vivi hivi, maana yaja baadaye, kwanza maneno yakae. Wewe kazi yako umsikilize. Akikwama mpe neno moja la mwanzo, moja tu, kisha nyamaza. Utamwona anakwenda mwenyewe." Tukajaribu. Emi akikwama katikati ya ukurasa, macho yake yalikuwa yakipanda juu na midomo ikicheza bila sauti. Nampa neno moja, na mara ukurasa wote unamtoka mbio bila kosa. Alikuwa akicheka kwa furaha kila mara ilipotokea. Mimi nilikuwa nikifungua kitabu na kumwambia, "Haya, sema," na neno hilo akalishika, likawa neno lake la kwanza la Kiswahili. Akifika mlangoni kwetu, kabla ya salamu, "Sema!" Bibi alikufa kwa kicheko. Alimwekea bakuli la mbaazi na mkate, akamsimamia mpaka limalizike. "Kula, mwanangu, hujala kitu weye." Emi hakuelewa, lakini alikula.

Wiki sita tulifanya hivyo, na bibi akatangaza kwa kila aliyekuja kunywa kahawa. "Rayya wetu anamsomesha Mchina Kiingereza. Nnakwambieni, si mtoto wa mchezo huyu." Wanawake waliniangalia kwa mshangao, nami sikukanusha. Ukweli ni kwamba sikumsomesha chochote. Nilishika karatasi tu, tena siku nyingine nilikuwa nikitazama watoto wa jengo la pili wakicheza mpira huku yeye akisema mwenyewe mpaka mwisho. Na mimi mwenyewe orodha ile sikuisoma hata siku moja. Niliona aibu kusoma kitu ambacho watu wote wanaamini nakijua.

Siku ya mtihani tukagawiwa karatasi: maneno ishirini tuyaandikie maana, halafu kifungu cha kusoma na maswali yake. Kifungu nilikimaliza upesi. Maneno yakanishinda. Nilikuwa nimeyasikia yote, ningeweza hata kuyatumia kwenye maneno yangu ya barazani, lakini kila nilipojaribu kuandika maana sikupata pa kuanzia. Kulikuwa na neno la kusita, nalikumbuka mpaka leo. Nilijua kusita ni nini na nilikuwa nasita palepale, na bado sikuweza kuliandika. Jasho likanitoka na kiyoyozi kinavuma. Nikageuza macho kidogo tu. Emi alikuwa akiandika kwa herufi kubwa zilizonyooka, haraka, bila kuinua kichwa, na karatasi yake ilikuwa wazi kabisa upande wangu. Nikanakili la kwanza. Nikanakili la pili. Nilinakili nane, neno kwa neno, mpaka nukta.

Baada ya siku tatu mwalimu wetu wa Kiingereza, Mwalimu Salwa, akatuita sote wawili ofisini kwake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkali, mrefu, na alinipenda. Mezani alikuwa ameweka karatasi zetu mbili, na yale maneno manane ameyapigia mstari mwekundu. Alisema majibu haya ni mamoja hata kwa makosa ya herufi, na haiwezekani watoto wawili wakaandika sentensi moja, na kukosea pamoja, mara nane. Kisha akamgeukia Emi. Mtoto ambaye jana alishindwa kuomba ruhusa ya kwenda msalani, akasema, ameyapata wapi maneno haya? Akamtajia neno moja, akamtaka aeleze maana yake hapo hapo, kwa maneno yake mwenyewe.

Emi maneno yake mwenyewe hakuwa nayo. Alikuwa na ya orodha, yote mia mbili, na kitabu kizima kifuani, lakini mlango wa kuyatokea ulikuwa umefungwa na hofu. Nikayaona macho yake yanapanda juu. Nikaiona midomo inacheza. Nilijua kitu anachokitafuta, na katika dunia nzima alikuwepo mtu mmoja tu wa kujua, naye alikuwa mimi. Neno moja la mwanzo lingetosha. Ningelitaja, maana yote ingemtoka mbio, na nyingine baada yake, na Mwalimu Salwa angeona mwenyewe nani amenakili kwa nani. Nikatazama vigae vya sakafu.

"Rayya," mwalimu akaniambia, "wewe ndiye unayekijua Kiingereza. Niambie kweli. Mwenzako alitazamia kwako?"

Emi akanigeukia. Hakulia wala hakukasirika. Aliniambia, kwa Kiswahili, lugha ambayo mle ofisini tulikuwa tukiijua sisi wawili tu, "Sema."

"Sijui, mwalimu," nikasema. "Labda."

Hiyo labda ndiyo iliyomaliza kazi. Sikusema uongo mkubwa, sikumnyooshea kidole, na kwa miaka mingi nilijificha nyuma ya jambo hilo. Mwalimu hakuuliza tena. Karatasi ya Emi ilikuwa imejaa mpaka neno la ishirini na yangu ilikuwa na mapengo kumi na mawili, na angetazama hilo angejua. Hakulitazama, kwa sababu jibu alikuwa ameshalipata kwangu. Matokeo ya Emi yakafutwa. Mimi nikaonywa nifunike karatasi yangu siku nyingine.

Mwezi wa saba mama yake akapanda kwetu kuaga, ameshika boksi la mapichi kwa mikono miwili. Ndege ilikuwa kesho yake, na anayepanda ni mtoto peke yake, chini ya uangalizi wa wahudumu. Yule mama hakuweza kusema na bibi lugha yoyote, kwa hiyo walishikana mikono mlangoni, wote wawili wanalia. Emi alisimama nyuma ya mama yake. Nilikuwa ndani, nyuma ya pazia la ukumbi, na bibi aliponiita nijitokeze nilijifanya niko msalani. Walipoondoka bibi alikaa kitako hata pichi hakuonja. "Mwana wa watu yule kitabu kizima kakihifadhi," akasema. "Kaanguka vipi mtihani?" Nikamjibu ulikuwa mgumu. "Basi labda hukumsikiliza vizuri," akasema, akaenda kuosha vikombe. Aliishi miaka tisa baada ya hapo, na sikumwambia.

Soko la Mawaleh limehamishwa, na ngazi za jengo lile sasa hazinuki kitu. Mimi nafanya kazi Qurum, hapa hapa Maskati, natafsiri mikataba, na Kiingereza changu bado kinasifiwa. Mwanangu anajiandaa na mtihani wa aina ile ile kwa simu. Simu inamtajia neno, inamngoja, akipata inampigia makofi, na hahitaji mtu wa kukaa naye. Nikimtazama najikuta namwonea huruma, ingawa anafanya vizuri kuliko nilivyofanya mimi.

Juzijuzi, kwenye kliniki ya macho, nilikutana na Mwalimu Salwa. Amezeeka, anavaa miwani ya giza, lakini alinitambua kwa sauti. Akafurahi, akamgeukia mwanamke aliyekaa pembeni yake na kumweleza kuwa huyu alikuwa mwanafunzi wake hodari, na kwamba kulikuwa na binti mmoja wa Kichina aliyetazamia kwake mtihani mzima. Kisa hicho, akasema, amewasimulia wanafunzi wa kila darasa mpaka alipostaafu. Miaka yote hiyo niliamini kosa langu limekaa kimya mahali pamoja linanisubiri, kumbe lilikuwa likisomeshwa darasani kila mwaka na Emi ndiye mwizi ndani yake. Nikamwambia. Nilimwambia yote, mbele ya yule mwanamke, yale manane na ile labda. Mwalimu akanishika mkono akasema mlikuwa watoto, usijitese, mimi nimekusamehe. Nikamshukuru, kwa adabu. Nilipofika kwenye gari ndipo nikaona kwamba nimesamehewa na mtu ambaye sikumkosea.

Siku hizi mtu hapotei. Nimewapata kwa simu watoto wa jengo la pili, hata dereva wa basi la skuli, mmoja mmoja, kwa majina yao. Lakini Emi lilikuwa jina alilopewa na ofisi ya skuli siku ya kuandikishwa, ili lisiwape tabu walimu, na Wachina walioitwa hivyo hawana idadi. Jina lake mwenyewe alinitajia alasiri moja darini, polepole, mara mbili, akinitazama midomo kuona kama nimelishika. Nilicheka nikamwambia ni gumu. Sikumwomba alitaje mara ya tatu.