Siku Nyaboke Alipoziba Mlango wa Chanjo

Nimesoma ujumbe mara tatu na moyo bado unakataa. Nyaboke wangu wa Magwagwa amefariki jana.

Ninyi wajukuu wa mitandaoni hamumjui, kwa hiyo ngoja niwaambie. Polio ilitupata sote wawili tukiwa wadogo. Mimi nilibaki na mkongojo, yeye akawa anatembea kwa mikono, amevaa vipande vya tairi viganjani. Mdomo lakini haukuguswa kabisa!

Kipindupindu kilipofika kwetu, miaka ya sabini, tulikuwa wasichana wakubwa. Chifu akatangaza chanjo sokoni. Nyumbani tukaambiwa tukae, maana hatuendi popote pa kuupata ugonjwa.

Nyaboke akamjibu mama yangu: "Mama, huo ugonjwa uko na miguu. Ni sisi hatuwezi kuukimbia!"

Mama alicheka, akaenda bila sisi. Tukamfuata. Kile kilima cha kwenda sokoni tulikipanda asubuhi nzima, na Nyaboke ndiye aliyekuwa akiningoja mimi.

Sindano zilidungwa katika chumba kimoja pale sokoni. Karani, mgeni kutoka mbali, akapekua karatasi zake. "Majina yenu haiko kwa listi."

Kumbe wenye boma, walipoandikisha watu wao, walitaja wanaotoka nyumbani tu. Niliona aibu, nikageuka nirudi.

Nyaboke akaketi mlangoni, akanyoosha miguu yake kwa mikono mpaka ikaziba njia. "Sawa. Anayetaka sindano aniruke."

Haki! Kwetu huruki miguu ya mtu, ni mkosi mkubwa. Foleni yote ikasimama tuli. Karani anaita "Next! Next!" na hakuna anayesogea.

Mzee mmoja akachoka. "Karani, andika huyu msichana. Hapa hakuna mtu ataruka yeye."

"Na Kemunto pia," akasema Nyaboke, bado ameketi. Kemunto ni mimi.

Tukaandikwa. Halafu shujaa wetu alipoiona sindano yenyewe, akanishika sketi: "Yaya! Hapana, anza wewe!" Watu walicheka hadi wakashika mbavu.

Karani akauliza nani wengine wameachwa nyumbani. Kisha mama yangu, aliyekuwa bado kwenye foleni, akainua mkono, akamtaja dada yake asiyeona. Wengine nao wakaanza kutaja watu wao. Kesho yake waliletwa, baadhi wakiwa wamebebwa mgongoni.

Nyaboke, siku ile mimi mwenyewe niliamini sistahili ile sindano. Wewe hukuamini hivyo hata dakika moja. Asante, rafiki yangu. Ulale vizuri.