Redio Wakati wa Radi

Kwanza niseme wazi: kwa jambo hili sijawahi kuomba radhi, na sitaomba leo nikiwa na mvi.

Nilikuwa kidato cha tatu, katikati ya miaka ya sabini, shule ya wasichana ya bweni huko Iringa. Kwetu ni Tukuyu, na kila nilipofungua mdomo wenzangu walisema, "Ameanza! Nyie wa Tukuyu kwa ubishi!" Sawa, mbishi nilikuwa. Lakini safari hii nilikuwa mbishi mwenye haki.

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa kijana nadhifu wa suruali ya bugaluu, pana miguuni, akifundisha kwa Kiingereza na kugomba kwa Kiswahili. Mawimbi alitufundisha kwa kamba: mmoja anashika huku, mwingine anatikisa kule, wimbi linapita, na kitambaa kilichofungwa katikati kinapanda na kushuka palepale. Hapo sina neno, alifundisha vizuri. Kisha akafika kwenye redio. Akasema mawimbi ya redio ni sauti iliyoongezewa nguvu, inasafiri hewani kama sauti nyingine yoyote, ila inafika mbali zaidi.

Ebo! Mimi nilikuwa nimesoma kitabu kikuukuu cha maktaba, hata jalada hakina. Ukurasa mmoja ulichora ukoo mzima: mawimbi ya redio upande mmoja, marefu kupita yote, kisha yale ya joto tunaloota motoni, kisha mwanga tunaouona, kijisehemu tu, kisha urujuanimno unaounguza ngozi, kisha eksirei, mwisho gama. Ndugu wa tumbo moja. Mwendo wao mmoja, ule wa mwanga, hawahitaji hewa, na kinachowatofautisha ni urefu wa wimbi. Sauti haikuwamo.

Nikaandika hivyo kwenye mtihani, nikapata alama ya mkasi. Nikamfuata na kitabu mkononi.

"Nani mwalimu hapa?" akaniuliza.

"Ni wewe, mwalimu, lakini kitabu kinasema..."

"Kitabu hakina jalada na wewe huna adabu. Andika jibu langu mara mia, la sivyo Jumatatu unahamia sayansikimu. Stuli za maabara hazitoshi, natafuta wa kupunguza."

Mtasema, si ungeandika tu yaishe? Thubutu! Nilipokuwa mdogo nilipigwa picha ya kifua hospitali ya misheni, na sista mmoja akaishika ile filamu dirishani akanionyesha mbavu zangu mwenyewe. Tangu siku hiyo nilitaka kazi ile ya kupiga picha hizo na si nyingine. Bila fizikia, eksirei ningeiona kama mgonjwa tu, na maandazi nilikwisha kujua kuyapika kwa mama. Niandike uongo mara mia ili niruhusiwe kusoma ukweli? Nikagoma.

Ijumaa mchana, tukila bwaloni, mvua ikashuka. Mwalimu yuleyule ndiye aliyekuwa wa zamu, akila meza ya mbele. Redio ya betri ya matroni ilikuwa rafuni ikisoma habari. Radi zilipoanza, matroni, mama wa Kihehe mwenye huruma na sauti kali, alifanya kama kila mama wa nyanda hizi afanyavyo: alizima redio, akaifunika kanga, akafunika na kioo cha ukutani, akatuambia tunyamaze. Mama yangu kule Tukuyu ni vilevile. Nikiwa nimenyamaza hivyo ndipo likanijia: kumbe ndiyo maana hatujui kama redio ni ndugu wa mwanga au wa sauti! Wote tunazima redio wakati uleule ambao ingetuambia.

Nikasimama, nikaenda rafuni, nikavuta kanga.

"Weee! Utatuua!" matroni akapiga kelele.

"Mama, ni ya betri, haina waya wowote nje. Dakika tano tu."

Nikaiwasha, nikazungusha kitufe mpaka mahali pasipo na stesheni, pakabaki shhhh. "Jamani, hesabuni," nikawaambia wenzangu.

Umeme ukamulika dirishani, na papo hapo redio ikatoa krrrak! Wasichana wakaanza: moja, mbili, tatu. Walipofika saba ngurumo ikatikisa bati. Umeme wa pili, krrrak tena, na ngurumo kwenye sita.

"Mwalimu," nikasema, "radi ni moja. Imetoa mwanga, imetoa wimbi la redio, imetoa na sauti. Wawili wamefika pamoja, sauti imebaki njiani. Kama redio ni sauti, mbona haikuingoja ngurumo?"

"Betri zimekwisha hizo," akasema.

Ukamulika wa tatu. Krrrak! Safari hii bwalo zima lilihesabu kwa sauti, na matroni naye alikuwa akihesabu chinichini, kanga mdomoni. Mwalimu alinawa mikono akatoka, mvua inanyesha vilevile.

Jioni mkuu wa shule akaniita. "Jibu lako ni sahihi," akasema, "ila kumwaibisha mwalimu mbele ya watu si sahihi. Mwombe radhi."

Nikamjibu kwamba matroni nitamchotea maji mwezi mzima, maana nimegusa kitu chake bila ruhusa. Kuhusu radi, sina la kuomba. Akanitazama, akapumua. "Basi malizaneni wenyewe."

Jumatatu nikaenda maabara, nikakaa kwenye stuli yangu. Mwalimu akafungua rejista akaita majina. Langu aliliruka, alikuwa amelipiga mstari kwa kalamu nyekundu. Alipomaliza la mwisho nikasimama: "Nipo, mwalimu!" Akafunga rejista kama hakusikia, akageukia ubao, akauchora ule ukoo wote, na redio akaiweka mstari mmoja na mwanga. Nami nikanakili.

Kesho yake jina halikuitwa, nikasema nipo. Keshokutwa nipo. Wenzangu wengine walicheka, mmoja akanishauri nijionee huruma. Potelea mbali! Kila kipindi nilisimama.

Wiki ya tano au ya sita, akaita jina la mwisho, mwenyewe akaitika, na rejista haikufungwa. Mwalimu alikuwa ameinamia meza, kalamu mkononi, hatazami mtu. Alikuwa akingoja.

"Nipo, mwalimu," nikasema.